Iko Sura ya Ngapi?

Siku ya gulio Katoro, mkoani Geita, mhubiri wa barabarani hashindani na shetani peke yake. Anashindana na muuza sumu ya panya mwenye kipaza sauti, na muziki wa duka la simu, na honi za bodaboda, na mnada wa mitumba. Lazima awe na neno la kumsimamisha mtu aliyebeba kiroba begani. Mmoja husalimia "Mwangaluka!" hata kama jua limeshavuka utosi na Kisukuma chake chote kimeishia hapo. Mwingine huweka dau: atakayemwonyesha neno "Utatu" ndani ya Biblia, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, achukue fedha mezani. Hapo vijana wa karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wenye vumbi la mawe hadi kwenye kope, husimama. Dau wanalijua. Ila hili haliliki, maana neno hilo kweli halimo.

Atatokea mtu na Biblia ya kwenye simu, afungue Mathayo 28, mstari wa 19, penye agizo la kubatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mhubiri anaungoja mstari huo kama golikipa anayejua penalti inapigwa upande gani. Anajibu kwa Matendo 2, mstari wa 38, penye Petro na jina la Yesu peke yake. Kisha Yohana 14. Kisha Yohana 17. Watu wanagawanyika, wengine huku, wengine kule, na kila upande una wake wa kupiga makofi.

Kwa Msukuma si jambo geni. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayofuatisha waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, huendeshwa hivyohivyo: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na dawa zake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hakuna jaji wala karatasi ya alama; miguu ya watazamaji ndiyo kura. Nimewahi kufikiri kwamba mijadala ya dini katika ukanda huu imekopa kanuni hiyo ya ngoma bila kusema. Anayejaza uwanja ndiye mwenye kweli.

Ukanda wenyewe umejaa makanisa kama ulivyojaa maduara ya wachimba dhahabu. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883. Waanglikana wa CMS waliikabidhi Nassa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutoka hapo likakua kanisa la AIC, ambalo hospitali yake ya Kolandoto inajulikana na kila mtu wa Shinyanga. Waadventista wa Kijerumani waliingia pande za ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamaryknoll kutoka Marekani wakafuata, na Jimbo Katoliki la Shinyanga likaundwa 1956, halafu Kahama 1983, halafu Geita 1984. Walutheri wana dayosisi yao yenye makao Shinyanga. Wapentekoste wako kila kona, na wengi ni watoto wa kiroho wa Moses Kulola, Msukuma aliyeanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991 na kufariki 2013. Wapo Mashahidi wa Yehova wanaopita wawili wawili nyumba kwa nyumba. Wapo wanaobatiza kwa jina la Yesu tu, na wanaofuata mahubiri ya Mmarekani William Branham, aliyekufa 1965 akiukataa Utatu. Na dhahabu ilipoita, Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola, Mgusu, iliita watu wa Kigoma, Mara, Kagera, Tabora, kila mmoja na dhehebu lake kwenye begi.

Kwa hiyo swali la Utatu hapa si la seminari. Ni la mgahawani, la kwenye foleni ya kusaga mawe, la ndani ya nyumba ambayo mume ni Msabato na mama mkwe ni Mkatoliki.

Nianze na lugha, kwa kuwa nusu ya ubishi unazaliwa humo. Kiswahili kimeunda "Utatu" kama kilivyounda "umoja": kiambishi u- mbele ya hesabu. Lakini u-tatu unasema tatu tu. Ule umoja ambao fundisho linausisitiza umebaki nje ya neno, na mwenye kusikia kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani anaambiwa habari za miungu mitatu. Kisha tunasema Mungu mmoja katika "nafsi" tatu. Nafsi ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na kwa mtu wa kawaida maana yake ni ule undani wake: nafsi yangu inaniuma, amejitoa nafsi. Nafsi tatu, basi, si watu watatu?

Ila mtoto wa darasa la tano analijua neno hilo kwa maana nyingine. Mwalimu wa Kiswahili amemfundisha nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu: mimi, wewe, yeye. Na hapo, kwa bahati tu, Kiswahili kimegusa mahali fundisho lilipoanzia. Wakristo wa karne za mwanzo walisoma Zaburi kama wanasarufi, wakauliza: hapa nani anasema, anamwambia nani, na anasema habari za nani? Wakikuta Bwana akinena na Bwana, waliandika pembeni kuwa huyu ni msemaji na huyu ni msemeshwa. Kilatini kiliita hao *persona*, neno lililotumika pia katika sarufi na katika maigizo. Ukilisikia "nafsi" kwa sikio la sarufi, fundisho linapumua. Ukilisikia kwa sikio la moyo, linakabwa.

Kuna jingine la lugha, na hili hunichekesha. Yohana anapofungua injili yake anasema Neno alikuwako kwa Mungu, kisha anaongeza kuwa Neno ni Mungu. Katika Kigiriki hilo "Mungu" la pili halina kibainishi, na juu ya ukosefu huo watu wameandika vitabu vizito. Mashahidi wa Yehova, katika Biblia yao ya Kiswahili, wameandika hapo "mungu" kwa herufi ndogo. Tofauti yote, Mungu mwenyewe au aliye mfano wa Mungu, imekaa juu ya m moja. Sasa usome mstari huo kwa kipaza sauti pale Katoro. Herufi ndogo haisikiki. Wanaopinga na wanaokubali wanatamka sauti ileile, kisha wanagombana.

Anayedai neno Utatu halimo anasema kweli, lakini asidhani amegundua kitu. Waliolianzisha walijua. Tertuliani wa Carthage, katika Tunisia ya leo, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuliandika kwa Kilatini kwa maana hii, karibu mwaka 213. Na Tertuliani wakati huo alikuwa ameshaegemea upande wa Wamontani, watu wa unabii na kufunga kwingi, ambao leo mtaani wangeitwa walokole. Miaka mia moja baadaye moto ukawaka Alexandria, Misri. Padre Ario, anayesemekana kuwa na asili ya Libya, alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote lakini naye aliumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Askofu wake akamkatalia. Shemasi kijana wa askofu huyo, Athanasi, akashika upande wa bwana wake na hakuuacha hadi kufa. Ario naye alikuwa na kipaji cha watu wa ukanda wetu: alitia mafundisho yake kwenye nyimbo. Inasimuliwa kuwa zilitungwa kwa ajili ya mabaharia, wasafiri na wanaosaga kwenye mawe. Wa karasha wa Rwamgasa wangezijua zote.

Tunaambiwa kila mara kwamba Utatu ni wa Wazungu. Tertuliani Carthage, Ario na Athanasi Alexandria, Agostino wa Hippo ambayo leo ni Annaba, Algeria, aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu: ugomvi huu uliivishwa Afrika, na pande zote mbili zilikuwa na Waafrika.

Mfalme Konstantino akawaita maaskofu Nisea mwaka 325, mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki. Novemba 2025 Papa Leo XIV alikwenda hapo kuadhimisha miaka 1,700. Mtaguso ulimhukumu Ario, ukaweka katika kanuni ya imani neno la Kigiriki *homoousios*: Mwana ni wa umungu mmoja na Baba. Maaskofu wawili tu, wote wa Libya, walikataa katakata wakahamishwa pamoja naye. Na hapo ndipo hoja ya Katoro ilipozaliwa, kwani wengi waliotia saini waliguna: neno hili halimo katika Maandiko. Athanasi hakukana. Alijibu kwamba wapinzani walikuwa wakikubali kila msemo wa Biblia na kuupa maana yao, hivyo lilihitajika neno ambalo hawangeweza kulipinda. Herufi zake hazimo, maana yake imo.

Wengi wetu tulifundishwa kuwa hapo mambo yakaisha. Hayakuisha. Konstantino mwenyewe alilegea. Athanasi alifukuzwa kiti chake mara tano, miaka kama 17 kwa jumla. Mwaka 359 maaskofu zaidi ya 400 walikusanywa Rimini, Italia, na mfalme Konstansio akawabana hadi wakasaini kanuni iliyoliondoa lile neno. Sababu iliyotolewa? Kwamba halimo katika Maandiko na linawakwaza watu. Ndiyo, dau la Katoro liliwahi kuwa msimamo rasmi wa kanisa, lenye mihuri ya walio wengi na ulinzi wa askari. Kama kweli ingepimwa kwa umati, kama ngoma ya Bagika na Bagalu, Ario angekuwa ameshinda mwaka ule.

Ikachukua hadi mwaka 381, kwenye mtaguso wa Konstantinopoli, kuirudisha kanuni ya Nisea na kuongeza habari za Roho Mtakatifu. Gregori wa Nisa, aliyeishi siku hizo, analalamika kuwa mjini ukimwomba mtu akuvunjie fedha anakujibu habari za aliyezaliwa na asiyezaliwa, ukiuliza bei ya mkate unaambiwa Baba ni mkubwa, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari unajibiwa kwamba Mwana katoka pasipo kitu. Askofu huyo alikuwa amechoka. Mimi ningekunywa chai katika mji huo.

Lakini tukio ninaloliona lina somo zaidi kwa watu wa kanda hii halikutokea karne ya nne. Ni la Waadventista Wasabato, kanisa lenye mizizi mirefu kuzunguka ziwa na linalojulikana kwa kudai andiko kwa kila jambo. Kanisa hilo lilipoundwa rasmi Marekani mwaka 1863, waasisi wake kadhaa wakubwa, wakiwamo James White na Joseph Bates, hawakuamini Utatu. Walitoka kwenye kikundi kilichoukataa, na sababu yao ilikuwa ileile: halimo. Ellen White, mke wa James, alipotoa mwaka 1898 kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Tumaini la Vizazi Vyote, aliandika juu ya uzima wa Kristo kwamba ni wake mwenyewe, haukuazimwa popote. Wazee wengine walishtuka. Mwaka 1931 maelezo ya imani ya kanisa yakalitaja neno Utatu. Mwaka 1980, mjini Dallas, likathibitishwa na mkutano mkuu kati ya imani 27 za msingi, ambazo tangu 2005 ni 28.

Yaani kanisa la "iko sura ya ngapi" lilitembea njia ya Nisea kwa miguu yake, kwa miaka zaidi ya mia, likafika kulekule. Halikuongozwa na Papa wala mfalme. Leo wapo waliojitenga, Kenya na hapa kwetu, wanaosema tuwarudie waasisi. Ukiwasikiliza wana hoja ya historia: waasisi kweli waliamini hivyo. Ila waasisi haohao walijiita watafutaji wa nuru inayozidi, na ni vigumu kumfuata mtu anayetembea kwa kusimama pale alipoanzia.

Wapentekoste nao walipasukia hapa. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa kambi karibu na Los Angeles, mhubiri alieleza kuwa mitume walibatiza kwa jina la Yesu. Wengine wakakesha juu ya neno hilo, na mwaka uliofuata watu walikuwa wakibatizwa upya. Assemblies of God ikakutana St. Louis mwaka 1916, ikaandika tamko la kweli za msingi lenye Utatu ndani yake, na wahubiri 156 wakaondoka. Cha ajabu ni hiki: Assemblies of God ilianzishwa miaka miwili tu kabla kwa ahadi ya kutokuwa na kanuni ya imani ila Biblia. Ubishi wa kwanza mkubwa ukailazimisha kuandika kanuni. TAG, Assemblies of God ya kwetu Tanzania, ni ndugu wa waliobaki. Wenye kubatiza kwa jina la Yesu ni ndugu wa walioondoka, na Kahama makanisa yao yanaweza kuwa jirani kwa ukuta.

Tofauti hiyo ina bei. Mkatoliki akitaka kuoa binti wa AIC au wa Kilutheri, padre anautambua ubatizo wa binti, kwa kuwa kulikuwa na maji na zile nafsi tatu zilitajwa. Vivyo hivyo Msabato. Akitaka kuoa aliyebatizwa kwa jina la Yesu tu, kwa sheria ya Kanisa Katoliki huyo hajabatizwa, na kibali kinachotafutwa kwa askofu ni cha aina ileile ambayo angekihitaji kwa Mwislamu. Mwaka 2008 Roma ilitamka kuwa hata kubatiza kwa jina la Muumba, Mkombozi na Mtakasaji hakufai. Upande wa pili nao hawalegei: Mkatoliki akihamia kwao atazamishwa upya kwenye Ziwa Victoria, hata kama alimwagiwa maji utotoni na askofu. Wazazi wa pande mbili wanaokaa kupanga mahari ya ng'ombe hujikuta wanajadili mwaka 325 bila kujua.

Walimu wa dini hutafuta mifano ya kuokoa hali. Wa kwanza ni mafiga: mawe matatu, moto mmoja. Ni mfano wa nyumbani na mtoto anauelewa, isipokuwa mafiga ni mawe matatu kweli, na moja likihamishwa yanabaki mawili. Hiyo ni miungu mitatu. Wa pili ni maji, barafu na mvuke. Machimboni umepata sura nyingine: dhahabu ni ileile ikiwa ndani ya mwamba, ikiwa imeshikana na zebaki, ikiwa pete kidoleni. Mzuri kwa masikio, lakini ndio uleule uliomtia Sabelio matatani Roma mapema karne ya tatu: Mungu mmoja anayebadili sura, ambaye akiwa Mwana hayuko tena Baba, na hapo Yesu pale Gethsemane alikuwa akiongea peke yake. Sijasikia mfano ambao haukuanguka shimo moja kati ya hayo mawili.

Aliyejaribu kwa umakini zaidi ni mtu wa jirani. Marehemu padre Charles Nyamiti, Mnyamwezi wa Tabora aliyesoma Louvain, akafundisha Kipalapala na baadaye Nairobi, aliona kuwa Msukuma na Mnyamwezi tayari wana lugha ya uhusiano unaodumu: ya mhenga na mzawa wake, yale masamva yanayokumbukwa na kutajwa kwa heshima. Katika maandishi yake, kikiwamo kitabu Christ as Our Ancestor cha mwaka 1984, alimwona Baba kama Mhenga wa Mwana tangu milele, Mwana kama mzawa anayefanana naye kwa asili, na Roho kama sadaka na kipawa kinachopita kati yao. Wapo waliomuuliza mhenga asiyekufa ni mhenga gani. Swali ni zuri. Lakini *homoousios* nalo liliulizwa maswali mazuri kwa miaka 56.

Siwezi kupita bila kuwataja Waislamu, kwa maana wao ndio waliofanya Wakristo wengi wa mitaani wasome habari hii. Kanda za Ahmed Deedat wa Durban, na kitabu Uislamu katika Biblia cha Ngariba na Kawemba kilichotoka 1987, vilifungua mihadhara ambayo Mkristo alijibiwa kwa Biblia yake mwenyewe, na swali la kwanza lilikuwa hili. Mihadhara mingine ilikuwa darasa, mingine matusi. Mkoani Geita tunajua joto la dini linavyoweza kufika: Februari 2013, Buseresere, ubishi wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama uligharimu uhai wa mchungaji. Haukuwa ubishi wa Utatu. Ila wachokozi wa majukwaani wakumbuke Buseresere iko umbali gani kutoka Katoro. Ni jirani.

Turudi kwenye neno lisilomo. John Henry Newman, Mwingereza aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa Novemba 2025, aliandika mwaka 1845 kwamba fundisho hukua kama kitu hai, akaweka alama saba za kutofautisha kukua na kuoza. Waprotestanti wengi hawamkubali, na wana sababu: Mkatoliki anaweza kuutumia mlango huo kuingiza lolote. Nakubaliana nao hapo. Ninachokataa ni madai ya pale kwenye spika, kwamba kuna kundi moja lenye Biblia tupu na mengine yote yameongeza. Jumapili, Sabato, imani 28, herufi ndogo ya m, kubatizwa upya, fungu la kumi kwa M-Pesa: kila mmoja ana jambo alilofikia kwa kusoma, kubishana na kuamua.

Ukipita Katoro siku ya gulio na mhubiri akaweka dau lake, weka na wewe lako. Muulize orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, Mathayo hadi Ufunuo, hivyo alivyovishika mkononi, iko sura ya ngapi. Orodha ya zamani kabisa tuliyonayo inayovitaja vyote 27, bila kupunguza wala kuzidisha, imo katika barua ya Pasaka ya mwaka 367. Mwandishi wake ni askofu wa Alexandria, Athanasi.